Nimekuta waranti ya mdogo wangu mtandaoni, nilipe kimya kimya au nimwambie?

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usilitoe na mji ninaokaa pia usiutaje, sema tu niko Texas, Wabongo wa huku tunajuana na habari hazilali.

Mimi nina mume na watoto wawili wadogo, nafanya kazi ya kulea wazee zamu ya usiku. Mdogo wangu wa kiume alikuja kwa ile bahati nasibu ya viza, ana grini kadi, anakaa kwetu. Yeye ndo anapeleka watoto shule asubuhi mimi nikiwa narudi kazini macho hayaoni, na mchana ndo anawarudisha. Kwa kweli bila yeye nyumba yangu haiendi.

Sasa juzi nikapigwa tiketi ya spidi, nikaingia kwenye tovuti ya mahakama ya mji kuangalia tarehe yangu. Nikaandika jina la ukoo, ikashuka listi, na kwenye listi nikaona jina la mdogo wangu. Kesi mbili. Moja kuendesha gari bila bima, ya pili kutotokea mahakamani, na pembeni kwa maandishi mekundu, waranti iko hai, yaani amri ya kumkamata bado inafanya kazi. Nilihisi miguu imeisha nguvu. Tarehe ya ile tiketi ni kipindi tunakaa apatimenti ya zamani kabla hatujahama, na gari alilokuwa anaendesha kipindi kile ni langu, bima nilikuwa nalipa kila mwezi, nadhani tu karatasi iliyokuwa ndani ya gari ilikuwa imepitwa na wakati.

Sijamwambia kitu. Ila sasa nikikumbuka mambo yake naona kama anajua. Aliacha kazi ya kupeleka vifurushi bila sababu ya maana, barabara kubwa hapiti tena, anazungukia mitaani, nikimuuliza anasema foleni. Leseni yake inakaribia kuisha na hazungumzii. Na anategemea mwakani aombe uraia.

Mume wangu naye hajui. Alishaanza kusema mtu mzima atafute pa kwake, sasa akisikia shemeji yake anatafutwa na polisi na asubuhi yuko barabarani na watoto wetu, najua atamtoa siku hiyo hiyo, na sitakuwa na la kumjibu. Mama nyumbani ana presha, kila Jumapili akipiga simu neno lake ni moja tu, mwangalie mdogo wako.

Nilichofikiria ni hivi. Pale kwenye tovuti kuna kitufe cha kulipa. Hela yangu ya mchezo inatoka mwezi huu, nalipa, jina linafutika, yeye hajui, mume hajui, maisha yanaendelea. Rafiki yangu wa kanisani naye anasema yupo jamaa anasafisha waranti kwa dola 900 bila mtu kwenda mahakamani. Kwenda mahakamani kwenyewe naogopa, siku hizi tunasikia watu wa uhamiaji wanawasubiri watu huko huko. Na nikikaa kimya naogopa nisije nikaambiwa nimeficha mhalifu nyumbani kwangu. Nikimwambia atajua nimemchunguza. Anti nifanyeje?

Dada mtu, Texas

*

Marahaba mdogo wangu, na pole, maana kukuta kitu kama hicho asubuhi umetoka zamu, hata wa kumwambia hakuna, si mchezo.

Nikikusoma naona vitu vitatu vimeshikana. Kuna karatasi ya mahakama, kuna mdogo wako ambaye huenda anabeba hofu peke yake, na kuna mume ambaye una wasiwasi akijua nyumba itavunjika mapande. Umetafuta njia ya kumaliza hiyo karatasi bila kuwagusa hao wawili, na ninaelewa kwa nini, ila ngoja kwanza nikuulize maswali kabla hujabonyeza hicho kitufe.

La kwanza, una uhakika ni yeye? Uliona jina. Majina yetu huko Marekani yanageuzwa sana, jina la babu linaandikwa la ukoo, la baba linakuwa la katikati, na watu wawili wa jina moja kwenye mji mmoja ni jambo la kawaida kabisa. Fungua ile kesi uangalie mwaka wa kuzaliwa, anwani, gari lililotajwa kama lipo. Tarehe inafanana na mlivyokuwa mnakaa zamani, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa, ila kubwa siyo hakika. Anayeweza kukuthibitishia ni karani wa mahakama hiyo hiyo, unapiga simu na namba ya kesi. Zile tovuti za kulipia zinazotangaza kutafuta waranti bure ziache, mara nyingi zina taarifa za zamani, waranti ilishafutwa bado wanaionyesha, au iko hai wao hawana.

Na usiishie kwenye mahakama moja. Kuna majimbo ambayo kesi zake nyingi unazipata sehemu moja, Maryland, Missouri, Wisconsin na Minnesota wana tovuti za jimbo zima unatafuta kwa jina bila malipo. Texas siyo hivyo. Kila mji una mahakama yake ya manispaa, kila kaunti ina mahakimu wake wa amani na makarani wake, na kila mmoja ana daftari lake. Mtu aliyekuwa anapeleka vifurushi amezunguka miji mingi, anaweza kuwa na tiketi mji wa jirani ambayo wewe huioni hapo. Kuna kitu kingine cha Texas, mpango unaoitwa OmniBase, ambapo mji au kaunti iliyojiunga inapeleka jina la asiyetokea mahakamani kwenye idara ya leseni, na leseni inakataa kurenyuiwa mpaka kesi imalizwe. Wana tovuti, unaingiza namba ya leseni na tarehe ya kuzaliwa inakuonyesha ni mahakama ipi iliyomshikilia. Umesema leseni yake inakaribia kuisha na hazungumzii. Huenda alishajaribu.

Sasa hiyo waranti yenyewe. Hiyo hakimu anaitoa mwenyewe akiwa kitini kwa sababu mtu aliitwa hakuja, au alitakiwa kulipa hakulipa, na huko Texas unaweza kukuta kwenye skrini imeandikwa capias, jina la kimahakama la amri ya namna hii. Haina maana kwamba mpelelezi amekaa anamtafuta mdogo wako. Ila haifi pia, haina tarehe ya kuisha, inakaa kwenye kompyuta mpaka hakimu aifute au mtu akamatwe. Miji mingi ya Texas kila mwaka mwezi wa pili na wa tatu inafanya msako wa pamoja wa waranti za namna hii, wanatuma barua za onyo kwanza halafu wanafuata watu majumbani na makazini. Nje ya msako, zinaibuka pale mtu anaposimamishwa kwa taa ya nyuma imekufa.

Kuhusu kuficha mhalifu, pumua. Kuishi na ndugu yako aliyekosa kwenda mahakamani kwa kesi ya faini siyo kosa. Kumficha makusudi polisi wakija, au kuwadanganya kwamba hayupo wakati yuko chumbani, hilo ni jambo lingine kabisa, usilifanye. Na ujue anwani yake ni nyumba yako, kwa hiyo wakiwa na waranti yake na wana sababu ya kuamini yuko ndani wanaruhusiwa kuingia kumchukua.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni asubuhi na mchana, watoto wakiwa nyuma ya gari. Mwaka 1997 huko huko Texas, mji mdogo wa Lago Vista, mama mmoja alikamatwa akiwa na wanawe wawili ndani ya gari kwa kosa la mikanda tu, faini yake ya juu kabisa ilikuwa dola 50. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani na mwaka 2001 majaji wakasema polisi hakuvunja katiba, anaweza kukamata hata kwa kosa la faini tupu. Yule hakuwa hata na waranti. Watoto wake walinusurika kwenda kituoni kwa sababu rafiki wa familia alitokea akawachukua. Sikutishi mdogo wangu, nasema tu hofu ya mume wako, ambayo hujamsikia akiisema bado, si ya kijinga.

Turudi kwenye kitufe. Watu wengi wanadhani kulipa ni kumaliza deni kama bili ya umeme, na hapa ndo penye shimo. Huko Texas faini ya tiketi ukiilipa inahesabika umekubali hukumu, hata kama hujasema neno. Inaingia kwenye rekodi kwamba amehukumiwa. Wewe ungekuwa umemkubalia kosa mtu mzima ambaye hajaulizwa. Na soma tena barua yako mwenyewe, umeandika gari ni lako na bima ulikuwa unalipa kila mwezi! Sheria ya Texas inasema ukionyesha kwamba bima ilikuwa hai siku ile ya tiketi, hiyo ni utetezi, mahakama ikihakikisha na kampuni kesi ya bima inafutwa. Kosa lenyewe mara ya kwanza faini yake ni kati ya dola 175 na 350, bado gharama za mahakama juu yake, hela yako ya mchezo inaondoka kulipia kosa ambalo huenda halikuwepo. Jambo la kuangalia ni kama bima yako ilikuwa inamfunika dereva uliyempa gari, maana bima nyingi zinamfunika lakini kuna zingine zina watu waliotolewa kwa majina, au zinataka kila anayekaa nyumba hiyo aandikwe. Hilo unaweza kulifanya leo bila kumwambia mtu, pigia kampuni ya bima uombe barua inayoonyesha bima ilikuwa hai tarehe ile, kwa gari lile. Hiyo barua ina faida njia yoyote utakayochagua.

Inabaki ile ya pili, ya kutotokea. Hiyo ni kesi inayojitegemea, haiondoki yenyewe kwa sababu ya bima imeonekana, ingawa mwendesha mashtaka anaweza kukubali kuiachia, hasa kama barua za mahakama zilienda anwani ambayo alishahama. Mwingine atasema mtu anatakiwa kubadilisha anwani yake mwenyewe, na atakuwa hajakosea. Ndiyo maana ni vizuri mtu wa kulisema hilo mbele ya hakimu awe yeye.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui. Tangu mwaka 2017 sheria ya Texas inasema kwenye kesi hizi za faini, mtu akijileta mwenyewe kabla hajakamatwa na akaonyesha nia ya kweli ya kuimaliza, hakimu anatakiwa kuifuta ile waranti ya kutotokea. Hiyo inampa anayejipeleka nguvu ambayo aliyekamatwa barabarani hana. Mahakama nyingi zina siku na saa za kuja bila miadi, karani anakwambia. Hela ikiwa hakuna, anaomba kulipa kidogo kidogo, au kazi za jamii, au hata kupunguziwa, na hakimu anatakiwa amuulize uwezo wake kwanza, maana tangu mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mtu hafungwi kwa sababu tu ni maskini. Njia nyingine ni wakili, wapo wa trafiki wanaoweka dhamana waranti inaondolewa, halafu kesi inapangiwa tarehe mpya na wakati mwingine wakili ndo anasimama. Hiyo ni ghali zaidi, na wakili wa bure wa serikali kwa kesi ya faini tupu kwa kawaida hampewi, lakini inampunguzia kukaa kwenye korido za mahakama.

Na kwa hofu ya uhamiaji hizo korido ndo zenyewe. Ni kweli Januari 2025 maofisa wa uhamiaji walipewa mwongozo mpya unaowaruhusu kukamata watu mahakamani kuliko ilivyokuwa. Ila tofautisha, mwenye grini kadi ambaye shida yake ni tiketi ya bima hafukuzwi nchini kwa tiketi hiyo. Kuna hatari pande zote mbili hapa, ukienda kuna korido, usipoenda akikamatwa akapelekwa jela ya kaunti alama za vidole zinaweza kufika kwa watu wa uhamiaji. Kuhusu uraia, ile fomu inauliza kila tiketi na kila kukamatwa. Tiketi ya chini ya dola 500 isiyo na ulevi wala kukamatwa huwa hata karatasi zake haziombwi, unaitaja tu. Akishakamatwa, makaratasi yote yanaombwa. Na kama kuna kitu kingine huko nyuma usichokijua wewe, hilo ndo la kumpeleka kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kwenda popote. Kama siku moja kesi ikawa kubwa, ajue tangu mwaka 2010 wakili wake wa jinai analazimika kumweleza hukumu itamfanya nini kwenye ukaazi wake, asikubali kusaini chochote bila hiyo.

Huyo jamaa wa dola 900 muulize swali moja tu, ana leseni ya uwakili ya Texas? Majina ya mawakili yako wazi kwenye tovuti ya chama chao, unaangalia dakika moja. Kama siyo wakili huenda ni kishoka, atakula hela na waranti itabaki. Vile vile mtu akikupigia simu anajiita sherifu anataka umlipe kwa kadi za zawadi ili asije kukamata, kata simu, mahakama haikusanyi faini hivyo.

Sasa mdogo wako. Umeandika nikimwambia atajua nimemchunguza. Hukumchunguza, ulikuwa unatafuta tiketi yako kwenye rekodi ambayo jirani yako, bosi wake, na hata mume wako wanaweza kuifungua wakiwa kitandani. Mimi ningejiuliza kinyume, akija kuambiwa na mtu mwingine kwanza itakuwaje? Hizo barabara za mitaani anazozungukia, mimi nasoma kijana anayejua na anaona aibu. Inawezekana nimekosea, labda ni foleni kweli. Unaweza kuanza na lako, nimepigwa tiketi, nikaingia pale, nikaona na yako, nikashtuka kwa ajili yako. Halafu nyamaza umsikie. Mpe namba ya kesi na ile barua ya bima kama umeshaipata, maana mtu anayeogopa ukimpa na kitu cha kushika ni tofauti na kumpa habari mbaya tupu. Anaweza akakasirika. Anaweza akasema nimeshaongea na wakili, na wewe ukajikuta ulitaka kulipa kesi ambayo mwenzio anaipigania!

Kuhusu shemeji yake sitakupangia, ndoa yako unaijua wewe. Kuna wanaosema mwambie kwanza mdogo wako, mpe muda wa kumwambia shemeji yake mwenyewe, hiyo inamlinda heshima. Kuna wanaosema watoto ni wa wote wawili na baba yao ana haki ya kujua nani anaendesha gari wakiwemo, na hilo siwezi kulipinga. Zote mbili zina gharama. Ukichagua ile ya kwanza, wakati unasubiri jaribu kutafuta mtu mwingine wa kupeleka watoto, hata kama itabidi ubadilishe zamu au umwombe mzazi mwenzio wa shuleni, sababu utaipata. Ukichagua ya pili, mpelekee mume jambo pamoja na njia zake, simu ya karani, barua ya bima, siku ya kwenda, maana anayesikia tu kwamba shemeji anatafutwa na polisi atajaza mwenyewe yaliyobaki.

Na mama, presha yake iache ipumzike mpaka hakimu aseme kitu. Jumapili akiuliza, mwambie mdogo wako yupo, kwa sababu yupo kweli. Niandikie ukishaongea na karani, ukinitajia alichosema kuhusu zile kesi mbili tunaweza kuangalia pamoja kama wakili anahitajika au la.

Anti